Nani Anamla Nani

Katika maabara ninamofanya kazi hapa Kisangani, neno kula halimtishi mtu. Tunasema seli imekula bakteria, tunaandika hivyo, kisha tunakwenda kunywa chai. Nyumbani kwetu, karibu na maporomoko, neno hilohilo linaweza kumtoa mwanamke ndani ya nyumba yake. Nimeliona likifanya hivyo.

Sisi tunachunguza kifua kikuu. Bakteria wake wakiingia mapafuni, seli za ulinzi za mwili huwameza ili ziwaue. Wengi hawafi. Wakishamezwa wanaanza kuwasha jeni ambazo huko nje walikuwa wamezizima: za kustahimili ukali wa tumbo la seli, za kutafuta madini ya chuma, za kula mafuta ya huyohuyo aliyewameza. Seli nayo inawasha za kwake, ili iwanyime chakula na kuwachoma. Wanafunzi huniuliza inakuwaje jeni ziwe zilezile lakini mambo yabadilike. Huwaambia waingie jikoni kwa mama zao: masufuria ni yaleyale kila siku, lakini ukitazama lipi liko motoni utajua ni mgeni gani amekuja. Sisi tunatazama moto. Na kwa kuwa alama za moto huo hupotea upesi, damu tunaihifadhi mara tu inapotolewa, kisha inasafirishwa kusomwa mbali, na majibu tunarudishiwa kwenye kompyuta. Ni kazi ya subira, na mimi subira sikujaliwa.

Tonton, mdogo wake baba, alikuwa mtu wa kupanda juu ya miti iliyosimikwa kwenye maji makali na kushusha mitego ya samaki. Alipoanza kukohoa na kukonda nilimpeleka kupimwa mwenyewe. Ilikuwa kifua kikuu. Akaanza vidonge, na mke wake ndiye aliyesimama mbele yake kila asubuhi mpaka avimeze. Nilimpeleka na yeye kupimwa, hakuwa mgonjwa. Jibu hilo lilinifurahisha mimi, lakini ndugu zangu liliwathibitishia neno jingine. Mume anakonda, mke anang'aa. Tena mwanamke mwenyewe ni mtu wa Isangi, si wa kwetu, na hakuwahi kuzaa. Wakaanza kusema anamla.

Kwetu mtu akisemwa kwamba anakula mwenzake, maana yake ni ndoki, mchawi anayemmaliza mtu polepole bila jino lake kuonekana. Lilikuwa neno zito, na lilisemwa jikoni kwanza, halafu kisimani, halafu uani kwa baba, Jumapili baada ya misa, ukoo mzima umeketi. Tonton aliletwa akakaa kwenye kiti chenye mto, amejifunika koti. Mke wake alikaa chini, mbali kidogo na wengine. Wakaniita mimi niseme, kwa kuwa nimesoma.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeshika baraza. Nilimgeukia yeye.

“Tantine, hakuna mutu anamukula,” nilisema. “Ni mikrobe. Mwili iko na maaskari yake, na ile maaskari inakula mikrobe. Bon, lakini ile mikrobe, kisha kukuliwa, haikufe. Inabakia mule ndani, inageuza kazi yake, inaanza kukula mafuta ya askari mwenye aliimeza.”

“Donc iko anakuliwa,” shangazi alihitimisha.

“Hapana, tantine, si vile...”

“Ni weye unasema. Iko anakuliwa, na mwenye anamukula iko ndani ya nyumba, anakula mafuta yake.” Akawageukia wengine. “Bazee walisema: chenye inakukula iko mu nguo yako.”

Watu waliitika. Kilichoniuma ni kwamba methali ile ilikuwa kweli tupu. Hata mimi ningeibandika juu ya mlango wa maabara. Nilianza upya, kwa maneno mengine, kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kumpa shangazi kuni. Nikamtazama tonton aseme neno. Alifungua mdomo, kikohozi kikamshika, na kilipomwachia hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: mwanamke atoke.

Mke wa tonton alifunga nguo zake katika kitenge, akanitafuta kwa macho, akaniwekea mkononi pakiti ya vidonge.

“Asubuhi, mbele ya chakula,” aliniambia. “Akikataa, umukalie mpaka amemeza.”

Alivuka mto siku hiyohiyo, akaenda kwa dada yake anayeishi Lubunga, ng'ambo ya pili.

Nikawa ninapita kwa tonton kila asubuhi kabla ya kazi. Alimeza bila kuniangalia. Halafu, kama nilivyojua ingekuwa, dawa ilifanya kazi yake. Kikohozi kilikatika, mashavu yakarudi, akaanza kuomba ugali mara ya pili. Shangazi alikuja kumwona akapiga makofi kwa furaha. “Munaona? Tangu ule mwanamuke aliondoka, iko anapona!” Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Sijawahi kuwachukia watu ninaowapenda kama nilivyowachukia asubuhi ile.

Tonton hakubishana na mtu. Alimaliza dawa, akapimwa, akaambiwa amepona. Mikono ilipopata nguvu ya kushika kasia alichukua pirogi ya jirani akavuka. Aliporudi, mke wake alikuwa amekaa mbele, kitenge chake mapajani.

Ukoo ukaona aibu kidogo, au niseme ukaona ni heri yaishe. Ikapikwa lituma ya ndizi za kuponda, ikapikwa pondu ya majani ya muhogo, wakatolewa samaki wakubwa. Shangazi mwenyewe alimpakulia, akachagua kipande chenye nyama, akamwekea sahani mbele kwa mikono miwili. Kwetu hiyo ndiyo samahani; maneno hayahitajiki.

Mke wa tonton alitazama sahani.

“Aksanti, yaya,” alisema kwa upole, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa. “Mi nilisha kukula. Si mulisema nilikula mutu muzima? Mutu muzima inashibisha.”

Shangazi alibaki ameinama, mikono bado iko kwenye sahani. Tonton, ambaye alikuwa na tonge mkononi, alilirudisha, akanawa, akasema na yeye ameshiba. Wakaondoka pamoja kabla jua halijashuka.

Wanaishi Lubunga mpaka leo. Wanalima, na tonton anatega samaki ng'ambo ile ambako maji ni matulivu zaidi. Siku ambazo siko kazini huvuka kuwaona. Nikifika, mke wa tonton hunipikia, hunipakulia, hukaa mbele yangu na sahani yake. Hagusi kitu. Ananitazama mkono, aone kama utasita, anautazama unavyoenda kwenye chakula na unavyopanda mdomoni. Nikishameza, ndipo na yeye anakula.