Sweta ya Kompyuta

Vumbi la ndani ya kompyuta lina harufu yake. Halinuki kama vumbi la barabarani wala la ghalani. Ni vumbi lililopashwa moto taratibu kwa miaka, likashikana na nyaya na plastiki, na mfuniko ukifunguliwa hukupanda puani kabla hujaona chochote. Mwezi uliopita nilisimama katika duka moja la Njombe mjini, fundi akafungua kompyuta yetu ya nyumbani ambayo mwanangu anadai imekuwa nzito, na harufu hiyo ikanifikia nikiwa bado nimejifunga skafu shingoni. Fundi akanieleza kwa upole kwamba memori imepanda bei tena tangu nilipoiulizia. Tena hata nikiinunua, mazabodi yetu, yaani ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, haitaikubali. Itabidi nayo ibadilishwe, na ikibadilishwa, kuna vingine vitakavyofuata.

Nilicheka, naye akadhani nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi Lyamkena, pale Makambako, sebuleni kwetu, nikiwa msichana wa shule ya msingi, nikimsikiliza baba akisema kwa uhakika wake wote, "Kikikaa hiki, tumemaliza."

Baba alikuwa karani. Mwishoni mwa miaka ya tisini, watu walipopunguzwa kazini kwao, naye alipunguzwa. Wenzake walifungua maduka au wakanunua mashine za kusaga. Yeye alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika, imefungwa kwa blanketi na kamba za katani. Alikusudia kuchapa mitihani ya shule, barua za serikali za vijiji na ratiba za ibada za harusi na misiba. Mama hakuupenda mpango huo. Alitaka mashine ya kusaga, kitu ambacho, kwa maneno yake, kila mtu anaona kinachoingia na kinachotoka. Siku za mwanzo aliizunguka kompyuta ile alipokuwa akifagia, kama mtu anayempita mgeni ambaye hawajatambulishwa.

Kisha akaifumia sweta.

Msishangae. Kwetu kitu kikiingia sebuleni huvikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, makochi yalikuwa na vya kwao, hata birika la wageni lilikuwa na kofia. Na pale Makambako kulikuwa na jambo la ziada, nalo ni upepo, ule unaovuma bila kupumzika na kupenyeza vumbi jekundu chini ya mlango hata ukiuzibia gunia. Katika nyanda zetu mtoto hatoki nje bila sweta na kofia ya sufu, na mama alikuwa mfumaji ambaye watu walimfuata kutoka mitaa ya mbali. Alinunua sufu nene ya buluu, akafuma kwa mshono wa kubana, ule wa masweta ya watoto wachanga. Aliacha wazi uso wa kioo na sehemu ya mbele yenye swichi. Mabega yote na mgongo alivifunika hadi mezani, na chini akaweka marinda. Baba alitabasamu siku nzima. Wateja walianza kuja kuitazama sweta kabla ya kuuliza bei ya kuchapa.

Ugonjwa ulianza muda si mrefu baadaye. Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri. Kabla ya saa ya chai ilizimika ghafla, kama mtu aliyesusa katikati ya mazungumzo, ikaondoka na kila kilichokuwa hakijahifadhiwa. Mtihani wa hisabati wa darasa la sita ulipotea baba akiwa amebakiza swali la mwisho. Aliuchapa upya, ukapotea tena.

Fundi wake alikuwa Njombe, mtu mcheshi aliyeitwa Mgaya, mwenye kibanda kilichojaa redio zilizofunguliwa vifua. Mara kadhaa nilifuatana na baba, kompyuta ikiwa imepakatwa kwenye kiti cha basi. Mgaya alitupokea kwa salamu ya nyumbani na utani. "Kamwene, Baba Upendo. Mgonjwa wako anapenda safari kuliko wewe."

Kwanza alisema memori ni ndogo. Baba akanunua memori, na kwa kuwa haikupatikana Njombe, iliagizwa kwa bei iliyomfanya ahesabu noti mara mbili. Baadaye ikasemwa kwamba kisanduku cha umeme cha ndani kimechoka, nacho kikabadilishwa. Jambo lililomchanganya kila mtu ni kwamba pale kibandani kwa Mgaya kompyuta ilifanya kazi kutwa bila kutetereka. Ilirudishwa Makambako ikiwa nzima, mama akaivika sweta yake, ambayo kila safari aliitumia nafasi hiyo kuifua na kuianika, na kesho yake ikazimika. Baba akahitimisha kwamba umeme wa Makambako ni mbaya, akanunua stebilaiza nzito kama tofali. Kila kifaa kilipowekwa alijipangusa mikono na kusema maneno yake yale.

Hatimaye Mgaya, ambaye naye alikuwa ameishiwa na mawazo, alisema iliyobaki ni mazabodi. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha. Ndipo baba alipoitaja miti.

Nje kidogo ya Njombe tulikuwa na shamba la misindano ambalo wazazi wangu walilipanda mwaka niliozaliwa, mama akiwa amenibeba mgongoni. Kila tulipokwenda kulipalilia alinionyesha mistari ile na kuniambia kuwa hiyo ndiyo sekondari yangu, na chuo changu kikiwapo. Misindano ikiachwa ikomae hutoa mbao. Ikikatwa michanga huuzwa kama mirunda ya kushikilia zege, kwa bei ya kutupa. Baba alikuwa amepata mnunuzi wa mirunda. Angekwenda kuonana naye Jumamosi, kwa basi la mchana.

"Unakata sekondari ya mtoto ununue ubao," mama alimwambia.

"Kikikaa hiki, tumemaliza, Mama Upendo."

"Hata kwa memori ulisema hivyo."

Tangu hapo walizungumza kupitia kwangu: mwambie baba yako chakula kiko mezani, mwambie mama yako nimeshiba.

Jumamosi ilifika na baridi ya mwezi wa sita, ile inayoacha vidole havifungi kifungo. Mama aliondoka mapema kwenda sokoni bila kuaga. Baba, akiwa amekwisha kuvaa koti la safari, aliwasha kompyuta amalizie barua ya mteja kabla basi halijafika. Mimi nilizunguka nyuma ya meza kutafuta kifutio changu kilichoanguka, nikauegemea mgongo wa ile sweta, na joto likanipokea. Niliingiza mikono yote miwili chini ya marinda. Hakika hata jikoni hapakuwa na joto kama lile.

"Baba," nilisema, "kompyuta ina homa."

Alicheka kidogo bila kugeuka. Kisha akaacha kuchapa. Alikuja nyuma, akaingiza mkono wake kando ya yangu, akautoa upesi. Akainua marinda. Nyuma pale palikuwa na tundu la feni, na feni ilikuwa ikisukuma hewa ya moto dhidi ya sufu ile nene, ambayo iliirudisha ilikotoka. Aliivua ile sweta polepole, mkono mmoja ukishikilia kioo, kama anavyovuliwa mtoto aliyesinzia, akaikunja na kuiweka kwenye kochi. Akakaa. Basi la mchana lilipiga honi barabarani, likapita. Kompyuta iliendelea kuunguruma.

Mama aliporudi na kikapu chake alimkuta mumewe ndani ya koti, kompyuta ikiwaka bila nguo.

"Hukwenda," alisema.

"Sikwenda."

Akaitazama sweta, kisha feni, kisha uso wa baba. Hakuhitaji kuelezwa. Nilisubiri alie au afoke, kwa maana ile ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote. Akaweka kikapu chini.

"Majirani wote umewaeleza memori ni nini," alisema. "Mimi ninayeishi nayo hukuniambia kwamba inapumua."

"Nilikuwa sijui, Mama Upendo."

"Basi fungua. Nieleze."

Akavuta kigoda. Baba akachukua bisibisi, akazima, akafungua mfuniko, akaanza kumwonyesha kifaa kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ile iingie nyumbani nilimsikia akiongea bila haraka.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba mikono yangu yenye baridi ndiyo iliyoiokoa misindano. Na ni kweli, miti haikukatwa hadi ilipokomaa, na mbao zake zilinifikisha chuoni kama nilivyoahidiwa. Lakini alasiri ile mimi nilichoka kusikiliza mapema, nikatoka kucheza, nikiona aibu kwa niaba ya baba, kwa sababu mama aliuliza maswali mengi na mengi hayakuwa na jibu. Nilidhani anamwadhibu. Imenichukua ndoa yangu mwenyewe kuelewa kwamba baba alikuwa akinunua kifaa baada ya kifaa kwa sababu dukani hakuna aliyemtaka akiri asichokijua, na kwamba nyumbani kwetu gharama zilianza kushuka siku ile, si kwa sababu ya feni.

Nikiwa mlangoni nilimwona mama akigusa kitu kwa ncha ya kidole na kuuliza, "Na hiki?"

"Hicho sikijui," baba alisema.

Na mama akasogeza kigoda karibu zaidi.