Mukono Ambao Bibi Hakuumwa

Nacheka nikiandika haya, lakini siku yenyewe nilitamani kujificha chini ya magunia ya mupunga, maana niliaibika mbele ya dispensere nzima, tena mbele ya Venansia, binti wa jirani, ambaye mwaka muzima nilikuwa natafuta namna ya kumuonyesha kwamba minye ni muntu wa akili.

Tulikuwa mu vakansi, likizo ya shule, kwa bibi yangu mu kijiji cha Bwegera, mama ya mama yangu, minye pamoja na baba aliyekuja kusaidia kuvuna. Bibi alikuwa ameteleza kwenye tuta la shamba la mupunga, muguu ukaumia, wakamufunga vijiti na kamba za mugomba, akalala majuma na majuma bila kusimama. Alikuwa anajisikia vizuri sasa, ananitukana vizuri pia (mimi ni bwana yake, mujukuu mwanaume ndivyo anavyoitwa kwetu, na bibi hana huruma na bwana muvivu), halafu asubuhi moja akaanza kuhema kama muntu aliyepanda mulima mbio, mukono juu ya kifua.

Hapo ndipo nilipojifanya munganga. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha habari ya moyo: kifua kinabana, maumivu yanashuka mu mukono wa kushoto. Nikapaza sauti: "Ni moyo! Kila kitu kiko sawasawa na somo!" Baba akaniamini (kosa lake la kwanza), wakamuweka bibi mu kipoyi, machela ya kubeba mabegani, miguu imefunikwa na kikwembe, nguo yake ya kujifunga, tukashika njia ya dispensere, minye mbele nafukuza watu kama askari.

Bahati, munganga Mubeleji, daktari wa kutoka Ubelgiji, alikuwa amepita siku ile. Alikuwa mugeni, Kiswahili hana, na muntu wa kutafsiri hayuko. Barza imejaa wagonjwa, Venansia naye iko pale na mutoto wa dada yake. Nikasema kwa Kifaransa: "Nitatafsiri, monsieur!"

Munganga akauliza: anaumwa wapi? Bibi akajibu: "Hapa ubavuni. Nikivuta pumzi inanichoma kama mwiba."

Sawa. Ningesema hivyo tu, habari ingeisha. Lakini mwiba haukuwa mu somo letu, na Venansia alikuwa anaangalia. Nikatafsiri "kifua", halafu nikaongeza mukono wa kushoto kutoka mu duka langu mwenyewe, na kwa kuwa Kifaransa kilinikatikia njiani, nikaigiza: nikakamata mukono, nikageuza macho, nikateremka polepole mpaka chini kwenye simenti. Muzee mumoja akapiga makofi.

Munganga akakunja uso, akasikiliza kifua na kile chombo chake cha masikio, akauliza: na miguu, iko namna gani? Sasa, baba alikuwa amesimama pale pale, na kwetu mukwe na mama mukwe hawaangaliani hata usoni, sembuse kutaja muguu! Nikajibu peke yangu: "Miguu ni mizuri kabisa, monsieur."

Akageukia meza, akaanza kutayarisha dawa ya moyo.

Bibi akanisemesha, pumzi inakatika-katika: "Silvesteri... ule mukono... ni wa nani?"

"Wako, bibi."

"Minye nilikuambia mukono unaniuma? Weye ndiye mugonjwa ao minye, mupumbavu?"

Barza ikalipuka kwa kicheko. Munganga akauliza bibi anasema nini, na masikio yakiniwaka moto nikatafsiri yote, neno kwa neno, pamoja na "mupumbavu". Akaweka dawa chini. Hakucheka hata kidogo, na hapo nikaogopa kweli.

"Muambie baba yako atoke," bibi akasema. Baba alikuwa ameshatoka zamani, iko karibu na barabara. "Na weye, bwana yangu, shika kikwembe hiki, watu wasione."

Nikasimama nimenyoosha kikwembe kama pazia, uso kwa barza nzima. "Bwana-arusi!" Venansia akaita. Nyuma yangu munganga akafungua vijiti: muguu mumoja umevimba, una moto, mwingine ni wa kawaida. Akauliza kama anakohoa damu. Kidogo, bibi akasema, tangu asubuhi. Alitemea pembeni ili mukwe asione.

Munganga akanieleza nitafsiri: moyo ukishikwa, mara nyingi unabana kama muzigo muzito, kuvuta pumzi hakubadilishi kitu. Hii inachoma na pumzi. Muguu umelala sana, damu imeganda ndani, kipande kimesafiri mpaka mu mapafu. Magonjwa hayo mawili yanafanana, ndiyo maana anauliza, na ndiyo maana anataka majibu ya mugonjwa.

Wakamupeleka hospitali na gari, kwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi. Siku zile sikufanya mzaha hata mumoja. Mama, aliyekuja kumuuguza bibi, aliniuliza kama nina malaria.

Bibi alirudi, mwembamba, mudomo ukiwa muzima. Watoto wote wa Bwegera wananiita Dokteri Mukono, na yeye ndiye anawafundisha. Naitika. Aite tu, mradi iko na pumzi ya kuita.

Kwa hiyo, mugonjwa akisema "hapa", minye nitasema "hapa", hata kama Venansia iko. Na akinyamaza, nitanyamaza pia. Hiyo ya kunyamaza ndiyo itaniua, minye na mudomo huu.