Upanga Ulioanguka Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nililia, tena si kwa huzuni, kwa hasira. Mkuu wa Picha wa gazeti letu alinipa kamera akanituma Mawaleh, soko la matunda na mboga. Nilirudi na filamu yangu, nikaisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, maana enzi zile karatasi ilitumbukizwa kwenye beseni la dawa, na sura ya mtu ikajitokeza taratibu. Mkuu akaishika picha ya muuza matikiti, akaigeuza nyuma.

"Nani huyu?"

"Muuza matikiti, ustadh."

"Hilo nnaliona. Nnakuuliza jina lake."

Akanirudisha sokoni juani kumtafuta mtu yule. Kwake yeye maelezo ya picha, yale maneno machache yanayochapwa chini yake kusema nani, wapi na kumetokea nini, yalikuwa nusu ya kazi. Nilimchukia kwa muda mrefu, kisha nikamzoea.

Baadaye nilihamishiwa ukurasa wa kina mama, kwa kuwa harusini mimi niliweza kuingia upande wa wanawake na wenzangu hawakuweza. Halafu nikapandishwa dawati la habari, chini ya Mhariri Mkuu, mtu mkavu asiyejua kusifu. Siku moja nilimpelekea picha niliyoiona mwenyewe kuwa ni tamu kuliko zote nilizowahi kupiga. Akaitazama, akasema, "Nzuri. Mambo ndivyo yalivyokuwa?" Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania, na aliendelea kuniuliza hivyo hivyo mpaka yeye akaondoka na mimi nikawa Mkuu wa Picha.

Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Ghubra, na wananiita niwe jaji wa mashindano ya wapiga picha wa ridhaa, wale wanaopiga kwa mapenzi yao bila ya mshahara, na picha zinazochaguliwa hutundikwa kwenye maonesho hapo hapo Ghubra. Mapenzi wanayo, sikatai. Lakini wananichosha jamani! Safari hii picha zilitoka kwenye sherehe ya Al Amerat, kwenye razha, ngoma ya wanaume ya panga. Mchezaji huurusha upanga juu, ukazunguka, kisha akaudaka kwa mpini. Tulikuwa majaji watatu, na asubuhi nzima Mwenyekiti na mwenzake walizungumza fokasi, lensi na kasi ya shata, yaani wepesi wa kamera kufumba na kufumbua. Kuhusu watu waliomo ndani ya picha hawakusema hata neno.

Ikaja picha iliyopigwa na kijana mmoja mhandisi, Talal. Mchezaji mmoja mzee yuko kichwa wazi, kilemba kimemwanguka begani, mdomo wazi, na upanga umemponyoka unakwenda chini. Kila unywele wa ndevu zake unahesabika.

"Hii ndiyo mshindi wa kwanza," Mwenyekiti akasema.

"Nani huyu?" nikauliza. Hakuna aliyejua. Nikataka Talal aitwe.

"Ulimuuliza jina lake, mwanangu?"

"Nilikuwa mbali, bibi. Lensi yangu ndefu."

"Na miguu yako je, mifupi?"

Nikamwambia anipeleke Al Amerat. Tukavuka mlima kwa gari yake, na duka la kwanza tuliloulizia wakatuonesha nyumba. Jambo jepesi namna ile, na hakulifanya! Mwenyewe ni Mzee Nasor, kazaliwa Unguja, na ndiye anayewafundisha vijana wa hapo razha. Akatukaribisha majlisi, chumba cha wageni, akaagiza kahawa na halua. Nimeshika tende mkononi, hatujaulizana hata khabari za watu wa nyumbani, Talal keshatoa simu kumwonesha picha. Nilitamani nimfinye.

Mzee akaitazama.

"Mashallah, picha safi. Na ile nyingine?"

"Ipi, ami?"

"Mimi niliuokota upanga wangu, nikavaa kilemba, nikarusha tena. Ukenda juu kuliko mwanzo, na nikaudaka. Uwanja mzima ulipiga makelele. Hiyo iko wapi?"

Talal akainamisha kichwa. "Sinayo. Nilikuwa nnaitazama hii kwenye kioo cha kamera."

Hapo damu ilinichemka. Sisi wa filamu hatukuwa na kioo cha kujitazamia kazi yetu, kwa hiyo ukishapiga macho yako yanabaki kwenye tukio. Hawa wakipata moja nzuri huinama kuifurahia, na dunia inaendelea juu ya vichwa vyao. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa lazima waambiwe.

Jirani mmoja alikuwa na picha ya simu ya ule mrusho wa pili. Imetikisika, upanga ni mstari tu, ila mkono wa mzee umefumba na wanaume nyuma yake wanacheka kwa furaha.

"Mimi simkatazi huyu kijana kuitundika picha yake," Mzee Nasor akaniambia. "Kuanguka ulianguka kweli, watu wameona. Lakini huko Ghubra watakuja wasionijua. Nani atamleta mwanawe kwa mwalimu anayeangusha upanga? Andikeni chini yake: alirusha tena. Basi, sitaki zaidi."

Nikarudi kwa Mwenyekiti, nikamwomba picha zote mbili zitundikwe pamoja, na jina la mzee liandikwe. Ile ya jirani akaitupia jicho tu. "Bi Salma, hii haina fokasi. Na vibandiko vyetu vya chini ya picha ni vya lensi na shata tu. Picha ijisemee."

"Hii haijisemei, inamsengenya mtu!"

Tukapiga kura, nikashindwa wawili kwa mmoja. Talal naye hakutaka kuiondoa picha yake.

Vijana husema mimi ni mtu wa kale, nawaonea wivu kwa vyombo vyao. Vyombo navipenda, ile lensi ya Talal ningeuza bangili zangu niipate wakati wangu. Kinachoniudhi ni kumchukua mtu sura yake mkamwachia aibu, kisha mkapeana zawadi. Nimestaafu kazi, hasira haijastaafu.

Siku ya ufunguzi Mzee Nasor alikuja Ghubra, kanzu imepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri, jambia kiunoni. Akasimama kando ya picha yake, kubwa ukuta mzima, simu ya jirani mkononi, na kila aliyepita akamwambia, "Huyu mimi. Nilirusha tena, nikaudaka, tazama." Watu waliikodolea macho ile simu, wakatabasamu kwa adabu, wakaendelea. Mama mmoja akamgeukia Talal, aliyekuwa amevishwa nishani ya mshindi.

"Wewe ndiye uliyepiga hii? Ati ni kweli baadaye aliudaka?"

Talal akamtazama Mzee Nasor, akanitazama na mimi.

"Sikuona," akasema.