Makaa Chini ya Pikapu

Nikisikia harufu ya moshi wa kuni za miwati ikichanganyika na ya dizeli, hata kama ni mchana wa jua kali, mabega yangu hujikunja yenyewe. Hiyo ndiyo harufu ya asubuhi za Juni na Julai kijijini kwetu, kati ya Njombe na Makambako, nilipokuwa darasa la nne. Sakitu, ule umande ulioganda, ilianguka usiku ikaunguza majani ya viazi, na sisi watoto tulikwenda shule mikono ikiwa kwapani. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, gari pekee kitongojini kwetu, ambayo aliitumia kupeleka mbao na viazi Makambako. Mchana haikuwa na neno. Asubuhi ya baridi ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

Baba alikwisha kuamua kwamba ugonjwa ni betri. Kila jioni aliifungua, akaibeba kifuani na kuilaza jikoni karibu na mafiga, juu ya gunia. Nafasi hiyo ilikuwa yangu! Nilihamishiwa mlangoni kunakopita upepo, huku betri ikistarehe kama mgeni kutoka Dar es Salaam. Mama alisema kilichobaki ni kuikorogea uji. Baba hakucheka. Alikuwa mtu mwema ila mgumu wa kuomba; jirani akipita na kutoa wazo, alimshukuru vizuri kisha akafunga boneti. Bahati yetu nyumba ilikuwa mlimani, kwa hiyo gari likigoma tulilisukuma, likashuka mteremko na kuwaka njiani. Tulizoea, tukadhani ndiyo tiba.

Jumamosi moja baba alipeleka mbao kanisani, kule bondeni, na jioni, baridi ikiwa imeshaingia, gari likakataa kabisa kuondoka. Akaliacha hapo, akarudi na betri yake kama kawaida. Usiku huo mdogo wangu Ayubu, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, alishikwa na kichomi. Kulipopambazuka alikuwa anahema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi, na kulia hakuweza tena. Hospitali ilikuwa Makambako. Barabara ya mabasi ilikuwa mbali mno kumbeba mtoto wa namna ile katika baridi ile. Tulishuka bondeni karibu tukikimbia, baba na betri, mama na mtoto, mimi na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Betri ilifungwa. Baba akawasha, na injini ikazunguka kwa nguvu kuliko siku zote, lakini haikuwaka. Akajaribu tena na tena. Niliona uso wake ukibadilika, maana sasa hakuwa na wa kumlaumu, na pale bondeni hapakuwa na mteremko. Mama ndiye aliyesema, akimwita kwa jina langu. "Baba Neema, betri imelala vizuri kuliko sisi wote. Mashine yenyewe ndiyo ina baridi. Huyu mtoto nampasha kifua, sipashi viatu vyake. Kaombe moto." Baba akashika tena ufunguo. Mama akaongeza, taratibu, "Mficha uchi hazai."

Kwetu moto ukiombwa asubuhi haunyimwi, lakini kuuomba ni kazi ya watoto na wanawake. Mwanamume mzima kubisha hodi na karai mkononi lilikuwa jambo la kuchekwa mpaka mavuno. Baba alilichukua karai la kuchanganyia saruji lililokuwa kando ya kanisa, akaenda nyumba ya kwanza, ya bibi mmoja mjane. Nilimfuata.

"Kamwene, mama. Naomba moto."

"Kamwene. Wa kupikia?"

"Wa gari. Mtoto anaumwa."

Bibi hakucheka. Alikomba mafiga yake yote, hata kijinga cha mwisho, akabaki na jiko la majivu. Habari ilitutangulia. Watu waliokuwa wanakuja ibadani waligeuka, wakarudi makwao, wakaja na makaa juu ya vigae, majembe na masufuria mabovu. Wanakwaya na majoho yao, wazee na makoti yao mazito. Baba alipapasa chini ya injini kuhakikisha dizeli haivuji, akasukuma karai chini ya tumbo la mashine, na wanawake wakafunika boneti kwa mablanketi. Kengele ya ibada ilikwisha kulia na hakuna aliyeingia. Mchungaji mwenyewe alikuwa amechuchumaa anapuliza makaa.

Tulisubiri, na sijui kama nimewahi kuogopa vile tena maishani. Kisha baba akawasha. Gari likakohoa, likatikisika, likawaka! Karai likavutwa, mama akaingia, wakaondoka huku kina mama wakipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Hospitalini daktari alimwambia mama neno moja: mmewahi. Wiki iliyofuata fundi wa Lyamkena, pale Makambako, alifungua injini akakuta plagi za kuipasha joto zimekufa zote. Akabadilisha, na gari likawa linawaka bila maombi.

Sasa naishi Makambako. Gari langu linawaka asubuhi yoyote, nami namshukuru Mungu kwa hilo, maana sitamani mama yeyote apitie kile alichopitia mama yangu. Lakini majirani nawajua kwa rangi za mageti yao, na sina hakika ningebisha hodi kwenye lipi. Mkono mmoja haulei mwana; siku hizi tunajitahidi kumlea hivyohivyo. Ayubu ni baba wa watoto sasa. Kila tukienda kijijini humjia leo bibi huyu, kesho yule, wakamshika mkono na kumwambia, "Wewe ulikwenda hospitali kwa makaa yangu." Hajawahi kumsahihisha hata mmoja. Humpigia kila bibi goti na kumshukuru, kana kwamba hakukuwa na mwingine.