Siku Niliyojifanya Luteni Usu

Nichekeni, ila mnisikilize kwanza. Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Ushetu, na binti yangu Kabula ni luteni usu katika jeshi la wanamaji. Wiki iliyopita alikuwa nyumbani likizo, anasubiri kupangiwa kituo. Kwao ofisa kijana hutaja kazi anayoitaka, kisha mkubwa anayepanga humuuliza sababu. Wenzake wengi wameomba ofisi. Yeye kaomba chumba cha injini cha meli ya doria.

"Mama, ofisini nitakaa nikizeeka," aliniambia.

Nilijivuna, jamani! Lakini usingizi ulinikimbia. Mtoto niliyemzaa huku kwenye vumbi akalale juu ya maji?

Simu yake ikaita yeye akiwa shambani na baba yake. Nikaona "Afande" kwenye kioo. Nikapokea, nikaibana sauti mpaka ikawa ya kisichana.

"Luteni, bado unaitaka ile meli?"

"Hapana, afande. Nipeleke ofisi ya Mwanza. Mawimbi yananitapisha."

"Ajabu. Juzi ulinieleza injini ile mpaka nikajifunza mimi. Nilikuwa nimekuchagua wewe kabla ya wote."

Moyo ukanipasuka kwa fahari. Kisha ile sauti ya amri ikalainika, ikajaa adabu:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" nikaitikia palepale, kwa sauti yangu yote. "Hujambo?"