Juma ya Asali, Hakuna Kupiga Mutoto

Siye ba wakati ule, tuliokomalia mu mutaa wa Hewa Bora, ku mwisho wa Lubumbashi, mbele telefone haijaingia mu mifuko ya batoto, tunajua kitu kimoja chenye bijana ba leo habatajua hata basome mpaka macho itoke: pori ilikuwa nyuma ya choo. Kweli kabisa. Unatoka mu lupango, ni kusema kiwanja ya nyumba, unapita choo, unapita mapapai ya Mama, na pale pale miti ya mutondo inaanza. Ku ile miti njo Papa alikuwa anatundika mizinga yake.

Miye nilisoma kidogo. Niliachia masomo ku primaire na sina haya ya kuisema, maana leo bantu ba diplome banakuja kwangu kuniuliza namna ya kufuga nyuki. Bananiita patron, na miye nabajibu nikiwa nimekaa. Asali yangu iko mu maduka makubwa ya katikati ya Lubumbashi, na ku chupa kumeandikwa bio. Bio! Papa angecheka mpaka aanguke. Siye tulikuwa bio juu hatukukuwa na pesa ya dawa. Mizinga ilikuwa maganda ya miti, kamba ilikuwa maganda ya miti, moshi ilikuwa ya majani makavu, na chakula nyuki balijitafutia benyewe, sawa batoto ba jirani.

Batoto ba leo banajua majira ku telefone. Siye tuliyajua ku mudomo. Baridi ikianza, mutondo ilitoa maua, na asali ilikuwa nyeupe, ya kuganda, ya kukata na kijiko. Kisha asubuhi ya baridi kali ilifika, nyuki bakabaki ndani sawa bazee ku matanga, na siye tulifyeka majani chini ya miti, juu moto ya pori isipande kubakuta mule. Joto ikirudi, majani mapya yalitoka mekundu, maua kila fasi, na mu mwezi wa kumi tulipata asali nyeusi, nzito, ya kukamata koo. Ile njo asali. Lakini ilipaswa kutoka mbele ya mvua ya kwanza. Mvua ikikukuta haujavuna, nyuki banakula akiba yao yote, na weye unabaki unatafuna nta. Ni kweli, mvua ilituletea uyoga na bikubala, ile midudu mitamu ya ku miti. Lakini bikubala haiwekwi mu chai.

Sasa Papa alikuwa na sheria aliyotoka nayo kwa baba yake. "Nyuki hana masikio, lakini anasikia," alikuwa anasema. Kama kuna ugomvi mu lupango, hakuna kugusa muzinga. Muntu mwenye kinyongo, nyuki banamujua kwa harufu, na ni yeye njo banauma. Kwa hiyo, juma nzima mbele ya kuvuna, kila muntu alipaswa kusafisha roho: hakuna matusi, hakuna kununa, hakuna kugeukiana mugongo ku kitanda.

Na hakuna kupiga mutoto. Maana mutoto akipigwa analia, akilia nyuki banasikia.

Weee! Bijana ba leo banaongea habari ya haki za batoto. Siye tulikuwa nazo zote, juma moja, na tulizitumia mpaka zikaisha. Miye nilifungua radio ya Papa kutafuta yule muntu anayesoma habari. Mukubwa wangu Kabwe alivalisha mbuzi nguo ya Mama ya kuendea misa, akaitembeza barabarani, na bantu balisema mbuzi inapendeza. Mama aliipokea ku mulango. Meno yake ilikuwa imefungwa, sauti yake tamu sawa ya malaika.

"Kabwe, mutoto wangu muzuri, taa ya macho yangu," akasema, "juma itaisha."

Mwaka moja sukari ilipotea mu maduka. Ilipotea kabisa, hata padiri alikuwa anakunywa chai ya chumvi. Kama asali nyeusi haikutoka ku muti, basi mwaka nzima hatungeonja kitu kitamu. Na mwaka ule ule, Mama na jirani yetu Mama Kapinga habakukuwa banasalimiana.

Mama Kapinga alikuwa mama ya Kasai, mwenye mikono minene na sauti ya kuamsha commune nzima. Aliuza munkoyo, ile kinywaji yetu ya mahindi, mu beseni mbele ya mulango wake. Mu mwezi wa kumi maji iko mbali, kwa hiyo nyuki betu bakawa baclient yake. Balikunywa bila kulipa, bengine balizama mule mule, na baclient ba miguu mbili bakakimbia. Siku moja akabamwangia maji ya moto. Mama akaona. Kutoka siku ile, bakipishana barabarani, kila mumoja aliangalia juu sawa anangojea ndege itue.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Papa akaona hakuna namna, akabaita bote wawili mu lupango, akabaketisha ku kiti, akaweka kikombe moja ya munkoyo katikati.

"Muombane samahani, munywe, nipande ku muti," akasema. Kwake ilikuwa kazi ya dakika.

Mama akaanza vizuri sana. "Voisine, jirani yangu, ni miye njo nilikosa."

"Apana, Mama Kabwe, ni miye. Nyuki ni mugeni. Mugeni habamumwangie maji ya moto."

"Apana, weye ulikuwa na haki. Miye njo nilitangaza ku soko kama munkoyo yako ni maji ya kufulia."

"Ulitangaza nini?"

"Njo ninaomba samahani."

Mama Kapinga akavuta pumzi. "Nakusamehe. Na weye unisamehe juu ya ile kuku yako ya Paska. Haikupotea."

"Iko wapi?"

"Tuliikula."

"Aa! Basi samahani juu ya bata yako!"

Siye batoto tulikuwa tumepanda ku ukuta, tunahesabu mifugo. Kila samahani ilizaa kosa mupya yenye hakuna muntu alikuwa anajua. Papa akasimama katikati, mikono juu, sawa polisi ya njia panda.

"Inatosha! Bamama, nababembeleza, muache kuombana samahani!"

Radi ikaunguruma upande wa Kasenga. Papa akaangalia mbingu, akaangalia bamama. "Twende hivi hivi," akasema. "Nyuki bataamua."

Akapanda na moshi yake. Mama alikuwa chini anashika kamba ya beseni, Mama Kapinga anachochea moto, na bote wawili habakunyamaza: bata, kuku, maji ya kufulia. Siye tulingojea kuona nani ataumwa kwanza. Miye niliweka chakula changu cha magaribi juu ya Mama Kapinga.

Nyuki bakatoka. Bakapita kichwa ya Mama, bakapita kichwa ya Mama Kapinga, hata kubasalimia habakubasalimia. Bakaenda kwa Papa. Papa, muntu ya amani! Alishuka ule muti bila kutumia matawi, akakimbilia nyumbani, na aliporudi mudomo wake ulikuwa mbele yake sawa ndizi mbili.

Bamama bakamuangalia. Kisha Mama Kapinga akasema pole pole: "Mama Kabwe, unaona yenye miye naona?"

"Naona, voisine. Banatuambia tusafishe roho, kumbe uchafu ilikuwa juu ya muti!"

"Baba Kabwe, uko na kinyongo na nani? Sema!" Mama Kapinga akamuuliza.

"Mmmf," Papa akasema.

"Na padiri?" Mama akauliza.

Papa akakataa na kichwa. Akanyoosha kidole, akaonyesha Mama. Kisha akaonyesha Mama Kapinga. Bamama bakaangaliana, bakaanguka chini na kicheko, mumoja juu ya mwengine, mpaka bikwembe ikafunguka. Mama akafunga yake tena, akapanda ku muti yeye mwenyewe, Mama Kapinga akamupatia moshi, na asali yote ikashuka. Mvua ya kwanza ilitukuta ndani, tunalamba masega, na Papa anatuangalia tu, juu mudomo haukukuwa unafunguka. Bamama bale bakabaki barafiki mpaka kifo.

Leo ninavuna na kofia ya wavu na magloves mpaka ku mabega. Mutoto wangu anafungua muzinga huku anamutukana muke wake ku telefone, nyuki habamufanye kitu, na asali inatoka safi, kilo kwa kilo. Nilijenga nyumba kubwa, ukuta murefu, waya juu. Jirani yangu naye iko na ukuta. Mwaka jana nilimutumia chupa ya asali. Sentinelle yangu, mulinzi ya ku mulango, akaipatia sentinelle yake, na sentinelle yake akarudi kusema merci. Jina la ule jirani silijui. Miaka yote hii tunaishi pembeni, na hatujagombana hata siku moja.