Kopo Lisilo na Lebo

Mteja akiniuliza mafuta gani ni mazuri, humjibu kwa swali: mazuri kwa nini? Wengi huudhika. Wanataka nitaje jina moja, walipe, waende zao. Mimi huwashika hapo kaunta, nikageuza chupa na kuwasomea yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hata aliyeyaandika hakutaka yasomwe. Gliserini huvuta maji na kuyaleta kwenye ngozi. Jeli ya petroli haileti maji yoyote. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoroke. Ukiipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Vitamini B3 hufifisha madoa polepole, na nikisema polepole nina maana ya miezi, si wiki mbili kabla ya harusi. Nikifika hapo kwenye harusi, sauti yangu hubadilika, na wateja wanaonijua hutazama pembeni.

Nimeuza vipodozi mjini Meru miaka kumi na kidogo. Hakuna aliyenifundisha hii kazi ya kusoma lebo. Nilijifunza kwa ubishi. Mzigo ukija nilisoma kila chupa, neno nisilolijua nikalitafuta kwenye simu na kuliandika daftarini: hiki kinafanya hivi, kile kinafanya vile, hivi viwili visikutane usoni siku moja. Nilijivunia daftari hilo kuliko cheti chochote nilicho nacho. Na najua majivuno hayo yalikotoka. Yalitoka shuleni, Kaaga.

Nilikuwa nasoma huko katika bweni, na siku ya wazazi mama alikuja kutoka Kibirichia baada ya kukamua ng'ombe, na viazi vya kuchemsha katika kikapu. Uso wake ulikuwa unang'aa. Kwetu, kila nyumba yenye ng'ombe ina kopo la jeli ya kukamulia, lile lenye picha ya ng'ombe, linalouzwa agroveti, duka la dawa za mifugo. Unapaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, na kinachobaki viganjani unajipaka mikono na uso, kwa sababu baridi ya Kibirichia haichagui mtu wala mnyama. Sisi watoto tulipakwa hiyo hiyo kabla ya kwenda shule. Sikuwahi kuiona kuwa jambo la ajabu mpaka msichana mmoja wa darasa letu aliponiinamia sikioni.

“Mathe wako amejipaka nini? Ananuka ng'ombe.”

Nilicheka pamoja naye. Kisha nikasogea kidogo kwenye benchi, mbali na mama. Mama akaona. Akasogea na yeye upande wake, akidhani ananibana, na kikapu cha viazi kikabaki katikati yetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimwonea mama yangu haya.

Nilipopata kazi dukani nikaanza kumletea mafuta ya maana. Alinidhihaki sana. Nilimpelekea krimu ya miguu iliyopasuka, nikamsomea lebo kwa fahari, nikafika kwenye yurea. Mama alilima viazi maisha yake yote na yurea alikuwa anaijua kwa gunia.

“Sasa unanipaka mbolea nimee nini?” aliniuliza kwa Kimeru, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilimweleza kwamba yurea hulainisha ngozi ngumu, kwamba ni kidogo sana, kwamba hata mwili una yake. Akaipaka kunifurahisha. Miguu ililainika, na baada ya hapo akaniamini kabisa. Chochote nilichopeleka alikipaka bila kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Kisha dada yangu akachumbiwa na watu wa Embu, wa upande wa Karurumo. Mama alikuwa na madoa meusi mashavuni, ya jua la shambani na umri, madoa ambayo nusu ya akina mama wa kanisa letu wanayo. Hakuyalalamikia hata siku moja. Ni mimi niliyemwangalia na kusema, “Hatuwezi kukupeleka mbele ya wakwe na uso huo.”

Lile duka nililofanyia kazi wakati huo lilikuwa na kitu tulichokiita mchanganyo. Mwenye duka aliutengeneza mwenyewe katika beseni kule chumba cha nyuma, asubuhi kabla ya kufungua: kijiko kutoka ndoo hii, tyubu mbili za kile, rangi ikawa kama ya uji wa mtama. Kisha tukapima kwenye vikopo vyeupe. Watu wa kwetu wamezoea mafuta ya kupimiwa kwa kijiko tangu utotoni, kwa hivyo hakuna aliyeuliza lebo. Nilimwuliza mwenye duka mara moja kuna nini ndani. Akasema, “Wewe uza tu. Si unaona inafanya kazi?”

Ilifanya kazi kweli. Doa lilitoka kwa siku saba. Na mimi, mwenye daftari, nilijua kwamba hakuna kitu halali kwenye daftari langu kinachofuta doa kwa siku saba. Nilijua, nikajifanya sijui, nikaweka kopo moja mkobani na kumpelekea mama.

Siku ya harusi uso wake ulikuwa laini kama wa msichana. Wakwe walidhani ni dada yetu mkubwa. Kwenye picha ameketi mstari wa mbele, mikono magotini, anatabasamu kwa aibu. Picha hiyo sijaweza kuitundika.

Alitaka kuacha baada ya harusi. Lakini alipoacha, uso uliwasha na madoa yakarudi meusi zaidi, akarudia kopo. Kila mwezi nilimletea lingine. Miaka mitatu. Ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, ukaona mishipa, akikaa karibu na moto jikoni analia uso unachoma. Nilimwambia apake kidogo. Ndio huo ushauri wangu wa kitaalamu.

Mwaka wa tatu miguu ikaanza kuvimba. Kisha macho, kila akiamka asubuhi. Mkojo ukawa na povu. Nilimpeleka hospitali mjini, na daktari kijana akaangalia majibu ya maabara, akasema figo zinavujisha kile ambacho hazifai kuvujisha. Akamtazama usoni kwa muda.

“Shosho, hii uso unapaka nini?”

Nilikuwa nimekaa kando yake, mkoba wake mapajani mwangu, na kopo lenyewe likiwa ndani ya mkoba. Mama alinitupia jicho. Kisha akamjibu kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza.

“Ni ile ya ng'ombe tu, ndagitari. Ya kukamua.”

Daktari akatabasamu, akaandika. Mimi nikaukumbatia mkoba.

Nje, tulipokuwa tunasubiri dawa, nilimwuliza kwa nini alisema vile. Alishangaa kwamba nauliza.

“Mwari wakwa,” alisema, yaani binti yangu, “ungefukuzwa kazi.”

Ningependa kuandika kwamba nilirudi ndani wakati huo huo. Sikurudi. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu, na ninaona aibu hata ninapoiandika. Nilimwambia aache kupaka, akasema sawa, nikarudi kwenye kaunta yangu kuwasomea watu lebo. Hakuacha. Uso ulipowasha alipaka, na aliona haya kuniambia.

Wiki mbili zilipita hivyo. Siku moja akaja mteja, mama mtu mzima mwenye madoa kama yale yale, akaomba mchanganyo kwa sababu ana sherehe. Nikashika kijiko nikashindwa kupima. Nilivua koti la kazi nikaliacha kaunta, nikachukua kopo moja na kwenda kumtafuta yule daktari. Nilimwekea mezani, nikamwambia mama alidanganya kwa ajili yangu na mimi nikamwachia.

Alilifungua, akanusa, akaligeuza kutafuta maandishi. Kopo lilikuwa jeupe pande zote.

“Kuna nini ndani?”

“Sijui,” nilisema.

Mimi ninayejua kilichomo katika kila chupa mjini, hicho nilichompaka mama yangu sikukijua. Daktari hakunifokea. Alisema krimu za aina hiyo mara nyingine huwa na zebaki, na zebaki hupita kwenye ngozi kama haioni ngozi, ikaenda kukaa kwenye figo. Alibadilisha dawa siku hiyo hiyo. Nilimwuliza kama zile wiki mbili zingeleta tofauti. Alisema ni vigumu kusema. Nimeligeuzageuza jibu hilo kama chupa, halina upande wenye maandishi.

Mama aliishi miezi mitano baada ya hapo. Hakunilaumu hata mara moja, na kwa kweli ningependelea anilaumu. Nilipojaribu kuomba msamaha aliniuliza kama ng'ombe wamepewa maji.

Asubuhi ya kwenda kumvalisha, mhudumu wa mochari alitupigia simu: tulete nguo, kitambaa cha kichwa, na mafuta. Dada yangu alipiga pasi nguo. Mimi nilipanga lotion zangu tatu bora juu ya kitanda, nikaanza kuzilinganisha kama nilivyozoea: hii ina shea, hii ina gliserini zaidi, hii haina manukato. Kisha nikaona ujinga wa ninachofanya. Nililia hapo kitandani, nikanawa uso, nikaenda agroveti.

Nilisimama kwenye veranda ya agroveti na lile kopo la ng'ombe, nikaligeuza. Nilikuwa nimekua nalo, nimelionea haya miaka yote hiyo, na sikuwahi kulisoma. Jeli ya petroli. Lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo. Dawa kidogo ya kuua viini. Basi. Hakuna neno hata moja lililohitaji daftari. Ilikuwa ni ile ile krimu ya mikono niliyowauzia wanawake wa maofisini, ikiwa imepunguziwa manukato na kuwekewa picha ya ng'ombe.

Mhudumu wa mochari alipoipokea aliitazama mara mbili.

“Madam, hii si ni ya ng'ombe?”

“Ni yake,” nilisema, nikamwomba aniachie nimpake mwenyewe.

Nilianza na mikono, kama alivyoanza yeye kila asubuhi, kisha kilichobaki viganjani nikampaka mashavuni, pale ngozi ilipokuwa nyembamba. Uso ukang'aa. Chumba kikanuka zizi letu la Kibirichia. Dada yangu aliyekuwa amesimama mlangoni akaniuliza kama nataka kutoka nje kidogo nipate hewa. Nilimwambia hapana. Nilimkaribia mama mpaka koti langu likagusa meza aliyolazwa, na safari hii sikusogea.